Koti Jekundu Juu ya Jiwe

Feni ya kompyuta ya Wigati ilinyamaza, naye akaufurahia ukimya ule bila kujiuliza umetoka wapi.

Miaka mitatu feni hiyo ilikuwa ikilia kama nyigu waliochokozwa, katika chumba cha nyuma cha duka lake la fotokopi mjini Muntilan. Kompyuta ile ndiyo iliyobeba tovuti ya Kali Wungu, mto unaoshuka kutoka mlima wa volkano wa Merapi. Kamera moja kwenye daraja la juu ilipiga picha kila dakika, na wachimba mchanga bondeni waliitazama kwenye simu zao. Mto ukivimba huko juu, walikuwa na robo saa ya kupanda ukingoni kabla tope na mawe hayajawafikia.

Zamani kila kikundi kilimwacha mtu mmoja darajani na kentongan, gogo lenye uwazi ndani, la kugongwa hatari ikija. Picha zilipoanza, walinzi waliteremshwa wakapewa makoleo. Wa mwisho kuteremka alikuwa Pakde Darmo, kaka wa marehemu mama yake Wigati, aliyemlea kama mwanawe.

"Jicho lako linaona mbali kuliko langu, Nduk, binti yangu," alimwambia, akashuka mtoni.

Kisha watazamaji wakawa wengi: madereva, wapanda mlima, watu wa mjini wanaopenda kuangalia mvua ya wenzao. Kila picha nzito, kila ramani, kila nembo, vyote vilichotwa kwenye kompyuta moja. Mvua ikinyesha, siku zile hasa zilizohitajika, ukurasa haukufunguka. Wigati akapunguza uzito wa picha. Akakodi seva, kompyuta za mbali zilizotawanyika karibu na watu, zigawe nakala badala ya kompyuta yake, akaandika amri moja kwa folda nzima: nakala itunzwe siku nzima, mtu asirudi kuuliza tena. Ramani haibadiliki. Nembo haibadiliki. Lakini picha ya mto ilikuwa ndani ya folda hiyo hiyo, kila dakika kwa jina lile lile, na amri haikujua tofauti ya nembo na mto.

Hiyo ilikuwa jana saa tisa alasiri. Leo saa nane mchana pongezi zilikuwa zinamiminika.

"Mbak Wigati, ukurasa unafunguka hata kidole sijakiinua!" aliandika dereva mmoja.

Wigati alicheka. Kisha chumba kikaingia giza, akainuka kuwasha taa. Dirishani Merapi haukuonekana. Mahali pake palisimama wingu jeusi, zito, limeinama juu ya vyanzo vya mito.

Akafungua ukurasa. Jua. Mto mkavu, mawe meupe, na juu ya jiwe moja, koti jekundu.

Alilijua koti hilo. Pakde alilitupia hapo jana, alipopanda kufuta kioo cha kamera. Na leo asubuhi alipita dukani kunywa chai, amelivaa.

Wigati akaifungua picha moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yake, ile ambayo feni yake ilinyamaza kwa kukosa wateja. Kioo cha kamera kilijaa matone. Chini ya daraja mawe hayakuwepo tena. Palikuwa na kitu cha kahawia, kinapanda.

Akaifuta amri. Haikutosha. Nakala ikishaingia simuni mwa mtu, hairudi kwa kuitwa. Akapiga simu.

"Pakde, pandeni! Sasa hivi!"

"Siku hizi hata salamu hakuna?" Makoleo yalisikika nyuma yake. "Nani kakutisha, Nduk? Nimefungua picha yako sasa hivi. Jua kali mpaka nasikia kiu."

"Umevaa koti gani?"

"Hee! Umenipatia mchumba? Lile jekundu. Kwani nina jingine?"

"Tazama picha tena. Juu ya jiwe."

Makoleo yaliendelea. Kisha mzee akaliona koti lile lile alilolivaa.

"Gusti, Mungu wangu," alisema polepole. Halafu akapaza sauti ambayo Wigati hakuwahi kuisikia: "Acheni kila kitu! Pandeni!"

Wigati alipofika ukingoni na pikipiki, wachimbaji wote tisa wa kikundi hicho walikuwa wamepanda, na Pakde alikuwa akiligonga gogo la kibanda cha ukingoni bila kupumzika. Ng'ambo kikundi kingine bado kilikuwa kinachimba, na Wigati hakuwa na namba zao. Kiongozi wao, Sukiran, alisikia gogo. Akatoa simu, akaitazama, akawaonyesha wenzake, akapunga mkono kama anayemwambia mzee aache mzaha.

"Acha simu!" Wigati alipiga kelele. "Tazama mlimani!"

Ardhi ikaanza kutetemeka. Wenzake wanne wakatupa makoleo wakakimbia. Sukiran alirudi hatua mbili kuchukua koleo lake.

Siku hizi kila picha mpya ya Kali Wungu ina jina tofauti na iliyotangulia, na saa imeandikwa juu yake kwa herufi nyekundu. Nembo na ramani ndizo zinazotunzwa. Picha ikichelewa, ukurasa unabaki mweusi. Feni inalia tena, na watu wa mjini wanalalamika. Walalamike! Hakuna mtu wa bondeni anayestahili kupewa jana, eti kwa sababu jana inafika upesi.

Darajani amerudi mlinzi, Pakde mwenyewe, na gogo lake. Simu hataki kuiona. Jioni ile, walipokuwa wakimtafuta Sukiran kwenye tope kwa miti mirefu, aliitoa mfukoni kumulika, na ukurasa ukafunguka upesi kama ulivyotakiwa. Ndani yake jua lilikuwa bado linawaka.