Nilivyoendesha gari hadi Columbus kwa wivu wa rafiki wa kusoma naye

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe na sijakitia chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wahusika Kiswahili wanakisoma, na humu wanapita.

Mtanicheka, najua. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina mvi kidevuni, na nilishikwa na wivu kwa sababu rafiki yangu wa kiume amepata mtu mwingine wa kusoma naye. Wivu kabisa, ule wa kukosa hamu ya kula.

Twende taratibu.

Naishi Louisville, Marekani, mtaa wa South End, naendesha forklift kwenye warehouse. Jioni nasoma uhasibu online. Au niseme, nilikuwa najaribu kusoma.

Nikikaa peke yangu na laptop nakumbuka gari halijaoshwa. Nikimaliza kuosha gari nakumbuka sijampigia shangazi. Nikirudi mezani naangalia matokeo ya ligi ya nyumbani, halafu naingia humu jamvini kubishana na watu. Wengine wenu mnanijua kwa hilo.

Kazini nikakutana na Byamungu, Mkongo wa Bukavu. Kwao alikuwa muuguzi kamili. Huku alikuwa anabeba maboksi huku anajiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi, ili arudi kwenye kazi yake. Siku moja akaniomba aje asomee kwangu maana kwake watoto wanapiga kelele.

Akaja. Akakaa upande mmoja wa meza ya jikoni na vitabu vyake vya figo na moyo, mimi upande wa pili na mahesabu yangu. Hatukuongea. Nikaja kushtuka nimemaliza assignment niliyokuwa naikimbia wiki nzima.

Binti yangu alituona akasema, "Dad, that's body doubling. It's a thing."

Eti kukaa na mtu pembeni ili kazi yako iende kuna jina. Nikamwambia kwetu haina jina. Mama yangu hakuwahi kuchambua mchele peke yake. Jirani alikuja na ungo wake na mchele wake, wakakaa mkeka mmoja, kila mtu anatoa mawe yake. Mchele ulikuwa unaisha.

Basi ikawa ndio utaratibu wetu. Byamungu anasema, "Bon, tuanze," tunaanza. Nilifaulu masomo ambayo nilikuwa nimeshaanza kuyatafutia visingizio.

Halafu akahamia Columbus, kwa sababu dada wa mke wake yuko kule. Nilimsaidia kupakia makochi huku moyo umenikaa vibaya. Lakini akasema hakuna shida, tutawekeana simu.

Na kweli. Jioni tukitoka kazini anapiga video, tunaegemeza simu, yeye kwenye chupa ya chai, mimi kwenye kopo la maziwa. Kila mtu anataja kazi yake ya leo, tunazima sauti. Ukiinua macho unamwona mwenzako ameinama, na wewe unarudi kuinama. Mimi ilinitosha kabisa.

Sasa ndiyo anaingia Pacifique.

Anakaa Buffalo, maeneo ya Kensington-Bailey, anahudumia wazee majumbani. Naye alikuwa muuguzi kwao, naye ni wa Bukavu, naye anasomea mtihani uleule. Byamungu alimwongeza bila kuniuliza. Nafungua simu jioni moja naona tuko sura tatu.

"Ndugu Rashidi, huyu ni Pacifique, kijana ya kwetu. Atafanya na siye."

Nikatabasamu. Nikasema karibu sana. Moyoni nilisema mambo mengine.

Kuanzia siku ile sikusoma tena, nilikuwa nachunga. Pazia jeupe nyuma ya Pacifique lilinikera. Namna anavyoshika kalamu ilinikera. Ana tabia ya kunyanyua kidole gumba akimaliza sura ya kitabu, na Byamungu anamrudishia kidole. Mimi na Byamungu hatujawahi kurushiana vidole!

Wakati wa mapumziko wakawa wanaongea Kimashi, lugha ya kwao, na Kifaransa, majina ya dawa yanapita katikati, halafu Byamungu anacheka. Kicheko cha tumboni kabisa. Mimi nikimpigia stori zangu za warehouse anatabasamu kistaarabu.

Siku moja nilizima kamera makusudi nione nani ataniuliza niko wapi. Nikakaa hivyo mpaka kipindi kikaisha. Hakuna aliyeuliza. Byamungu akasema, "Bon, kesho," wakakata. Nikabaki naangalia kopo la maziwa kama mjinga.

Mke wangu, Mama Salma, alikuwa anakunja nguo pembeni. Akaniangalia weee, akasema, "Baba Salma, miaka yote hii mimi hujawahi kunionea wivu wa namna hiyo. Huyo Mkongo amekulisha nini?"

Nikamwambia aache utani.

"Sitanii. Sasa na mimi nina wivu."

Nikaamua. Simu ni simu, mtu ni mtu. Pacifique ana kioo cha simu, mimi nina gari.

Nikaomba ruhusa kazini Ijumaa na Jumatatu. Nikapita duka la Wakongo hapa South End nikanunua unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na makayabu, wale samaki wa chumvi wanaowapenda. Laptop kwenye begi. Ijumaa asubuhi nikashika barabara, Cincinnati hadi Columbus, bila kumwambia. Njia nzima nilikuwa najichorea picha: mimi na yeye meza moja kama zamani, na Pacifique kule kwenye simu anatuangalia.

Wakuu, jamaa alifungua mlango akapiga kelele za furaha mpaka jirani akachungulia.

Meza yake yote ilikuwa imetandazwa vitabu. Akavizoa kwa mikono miwili akavipeleka chumbani, akafuta meza, akaniambia kaa. Mkewe, shemeji Furaha, akabandika maji ya fufu, ugali wao wa muhogo, palepale.

Tuko katikati ya kula, simu yake ikalia. Nikaona jina: Pacifique. Byamungu akaizima sauti, akailaza kifudifudi.

"Leo niko na mugeni," akasema.

Jamani, lile tonge lilikuwa tamu! Sijui kama nimewahi kumeza fufu tamu vile.

Jumamosi asubuhi nikatoa laptop, nikasema tufanye kazi kidogo. Akanidaka mkono kama vile nimetaka kuvua nguo mbele za watu.

"Aah, hapana! Wewe uko mugeni. Mugeni atafanya kazi namna gani mu nyumba yangu? Batu batasema nini?"

Laptop ikafungwa. Tukaenda kwa dada wa Furaha, tukalishwa. Tukaenda kwa mzee mmoja wa kwao, tukalishwa tena. Kila mlango ananitambulisha, "Huyu ni ndugu yangu ya Louisville." Nilikuwa natembea kifua mbele. Mara kadhaa nilimwona anaangalia saa, nikadhani Marekani imemwingia tu.

Tuliporudi akatoka kidogo kununua soda. Simu yangu ikaita. Ni Pacifique, mara ya kwanza kunipigia mimi mwenyewe.

"Kaka Rashidi, samahani kukusumbua. Uko kwa Byamungu?"

Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya mwenye mali.

"Bon. Donc, kaka, kesho kutwa asubuhi iko na examen. Yeye hawezi kukuambia. Kwetu hatuambiake mugeni vile. Ile ya kwanza alianguka. Akianguka tena, sijui kama atapata nguvu ya kuanza upya."

Nikamshukuru kwa baridi, nikakata.

Wazo langu la kwanza, na hapa ndipo naomba msinitukane, lilikuwa kwamba ananifukuza. Kijana ameona amezidiwa, anatunga mtihani ili niondoke. Wazo la pili lilikuwa chungu zaidi: kama ni kweli, kwa nini yeye anajua na mimi sijui? Hata hilo la kuanguka mara ya kwanza sikuwahi kuambiwa. Mimi niliambiwa tarehe imesogezwa.

Nikaenda jikoni. Shemeji alikuwa anasonga. Nikamuuliza, shemeji, Jumatatu kuna mtihani?

Mwiko ukasimama.

"Alinikataza kukuambia," akasema. "Ni kweli. Lakini hatufukuzake mugeni, shemeji. Utakula, utalala, utaenda na amani."

"Na mtihani?"

"Mungu iko," akasema, akaendelea kusonga.

Sasa ningefanyaje? Nikiaga ghafla atajua nimeambiwa, ataniganda, atatafuta hata mbuzi. Nikibaki, Jumapili nayo itaisha kwa ibada na kutembelewa. Mtu akose leseni kwa sababu ya tumbo langu!

Ndipo nikakumbuka wahenga walishaimaliza hii kesi zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Jumapili nikawahi kukaa mezani kabla ya chai. Nikamwita.

"Byamungu, Ijumaa siku ya kwanza, jana siku ya pili. Kwetu leo mimi si mgeni tena, na ukininyima jembe umenitukana. Lete vitabu."

Akamwangalia mkewe. Mkewe akaangalia dirishani.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikachukua simu yangu nikampigia Pacifique, nikaiegemeza katikati ya meza. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tuko hapa. Tuanze."

Furaha akaenda kanisani na watoto, sisi tukakaa mpaka jioni.

Na pale mezani nikaona kitu ambacho kwenye simu hakionekani. Goti la Byamungu linatetemeka chini ya meza akisoma. Muda wote. Na kila akikwama anainua macho kwenye simu, kwa Pacifique. Mimi niko pale, naweza hata kumgusa, na macho yake yananipita yanakwenda Buffalo. Roho iliniuma sana. Nikaendelea kupiga mahesabu yangu hivyohivyo, maana niliona nikisimama mimi na yeye atasimama.

Jumatatu nikampeleka kwenye mtihani kwa gari langu. Njiani nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, kwa nini Pacifique anajua ulianguka, na mimi hukuniambia?

Akanijibu tulipofika kwenye taa nyekundu.

"Ndugu yangu, Pacifique naye alianguka. Siye wawili tuko chini, hatuonane haya. Wewe nilitaka usikie tu ile siku nimepita. Wewe ndio mutu naogopa anione nimeanguka."

Mtasema hiyo ni heshima. Na mimi nilijaribu kuichukua kama heshima, nikarudi nayo Louisville njia nzima. Lakini kadiri nilivyoitafuna ilizidi kuwa chungu. Maana yake mimi napewa ushindi tu, kama mgeni anavyopewa paja la kuku. Shida zake anakula na mtu mwingine.

Nilipofika nyumbani nikampigia. Nikamwambia, "Byamungu, ukianguka niambie mimi. Sitaki kuwa mgeni wako."

Akacheka kidogo, akasema sawa.

Siku zikapita. Niko lunch break, nimefungua chakula changu, simu ikaita. Haikuwa video, ilikuwa sauti tu.

"Ndugu Rashidi. Nimeanguka."

Wakuu, mnajua nilimuuliza nini? Mtu ameanguka mara ya pili, sauti imekatika, na mimi nikamuuliza, "Umeshamwambia Pacifique?"

"Bado. Wewe ndio wa kwanza."

Na nikafurahi.

Sina sababu ya kuwadanganya. Kabla ya huruma, kabla ya kukumbuka zile siku mbili za kulishwa na kutembezwa ambazo nilimpotezea mimi, kitu cha kwanza kilichonijaa kifuani kilikuwa furaha. Nilikaa pale natabasamu, na rafiki yangu analia sikioni kwangu.

Tabasamu liliondoka lenyewe. Nikatoka nje, nikakaa naye kwenye simu mpaka break ikaisha. Nilimsikiliza tu anavyohema.

Sasa hivi tumeanza upya, tuko watatu. Pacifique anarudia mtihani wake mwezi ujao, na mimi ndiye ninayemsomea maswali ya dawa kutoka kwenye kitabu, natamka vibaya wananicheka wote wawili. Kumpenda bado simpendi sana, nisiwe mnafiki. Akifaulu yeye kabla ya Byamungu sijui nitaiweka wapi roho yangu.

Funzo nililopata ni hili. Mtu wa kukaa naye mkafanya kazi ni neema kubwa, na ukiwa na kichwa kama changu usijaribu kuishi bila yeye. Ila kukaa karibu na mtu anapofanya kazi hakukupi hati ya kummiliki. Na ukitaka kuwa wa kwanza kuambiwa habari mbaya za rafiki yako, jichunguze kwanza unazitakia nini.

Nawauliza wenye uzoefu, hasa wanaume maana sisi haya mambo hatuyasemi: hii furaha yangu ya pale warehouse mliwahi kuionja, au ni mimi tu roho yangu ina kasoro?

Semeni. Hata wa kunichana anichane, ila asome uzi mpaka mwisho kwanza.