Maji ya Magadi

Kiwandani walimwita Hamira, maana hasira zake ziliumuka upesi kama donge la mkate. Lakini wiki ile mwoka mikate huyu hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa na hofu tupu.

Mkewe alikuwa na kisukari. Kiungulia kilipomshika na kila alichokimeza kikarudi, aliacha kuchoma insulini, akisema sindano na tumbo tupu haviendi pamoja. Mume akaona ana hoja. Kwa kile kiungulia akamkorogea magadi ya kuokea keki, na kila alipotapika akampa bilauri nyingine. Mapenzi nayo yana ujinga wake.

Hospitali walikuta sukari iko juu, ila asidi ya damu ilikuwa sawa kabisa. Daktari kijana akasema ni tumbo tu, atundikiwe maji, kesho wataangalia. Hamira akampigia simu shemeji yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Masikini, alishangilia mapema.

Jioni mgonjwa akaanza kuhema kama aliyepanda mlima, akamwita mumewe kwa jina la kaka yake mwenyewe, marehemu wa miaka mingi. Muuguzi akainama, akasikia pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, akakimbia kumwita daktari mkubwa. Daktari huyo, mama wa makamo, alipofika hakugusa karatasi za vipimo. Alimuuliza Hamira mgonjwa amekuwa akinywa nini.

Hamira akatazama chini. Chupa ya maji yale ilikuwa kwenye kikapu, miguuni pake.

"Magadi, mama."

"Mara ya mwisho lini?"

"Leo mchana. Hapa hapa kitandani, muuguzi alipotoka."

Daktari hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimweleza kwamba asidi ya kisukari imejaa damuni, ila kutapika kule na magadi yale vimeifunika, kipimo kikasoma vizuri huku mtu anakwisha. Wakamtundikia mgonjwa insulini.

"Tumechelewa, baba," akasema. "Siwezi kukuahidi kitu."

Hamira akabaki ameushika mkono mkavu wa mkewe, akimwomba Mungu amchukue yeye. Baadaye mkewe akafumbua macho, akamtambua. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Mume wangu, kiungulia. Nipe yale maji yako, ndiyo yananisaidia."

Akakisukuma kikapu chini ya kitanda kwa mguu.

"Yamekwisha, mke wangu," akasema, akageukia ukutani ili asimwone akilia.