Filimbi ya PK 112

Leo train yenye tulipanda na mama ilipiga filimbi mu pori, fasi hakuna gare, kituo ya train, hakuna muntu.

Mu telefone ya batoto yangu, PK iko "pourquoi", juu ya nini. Kwa bantu ya taxi, iko fasi ya kushukia. Kwetu ba familia ya chemin de fer, njia ya train, PK njo poteau, nguzo yenye kuonyesha kilometre.

Yetu iko PK 112.

Mu vita ya 98 tulitoka Kabalo, tukakimbia na train. Papa njo alikuwa anaendesha train. Mutoto ya mwisho ya mama alikufa na malaria mu njia. Papa akasimamisha train, tukamuzika pa ile poteau, papa akarudia ku kazi.

Tangu pale, kila akipita alipigaka filimbi. Papa naye alishakufa.

Leo filimbi ikalia. Mama aliendelea tu kumenya karanga.

Ku Kamina nikashuka, nikauliza machiniste, ule anaendesha train: "Juu ya nini unapiga pale?"

"Yaya, mukubwa wangu, miye sijue. Bale balinifundisha kazi banapigaka pale."

Nikarudia kwa mama, akaniuliza: "Machiniste anajua jina ya mutoto yangu?"

Nikasema: "Ndiyo, mama. Anajua."

Weye ungemuambia nini?