Kiti cha Mashua Kilichonikamata Laini Saba

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video, kwa sababu video haina maneno yangu (ina sauti yangu, lakini ni ile ya kupiga nduru) na haionyeshi mambo yalianzia wapi, inaonyesha tu mama mnene aliyevaa gauni la gomesi la kijani, ameketi ndani ya mashua, mashua iko juu ya mikokoteni, na mikokoteni iko juu ya reli. Huyo mama ni mimi. Aibu niliyoona siku hiyo bado haijaisha, mpaka leo nikienda kuchota maji napitia nyuma ya kanisa.

Mashua yenyewe ilikuwa ya ndugu yangu Odhiambo. Mimi huuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Laini Saba, Nairobi, meza yangu iko kando ya reli, na Odhiambo ndiye mvuvi wa familia, kitinda mimba wetu, mtoto niliyembeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wangu. Alikuwa na mashua yake kule ziwani, ikavunjwa na mawe siku ya dhoruba, na tangu hapo akawa kibarua kwa mashua ya mtu mwingine, na kazi aliyopewa ni ile ya kumwaga nje maji yanayoingia ndani, kazi ya mtu anayejifunza, na Odhiambo ana ndevu zenye mvi! Akinipigia simu alikuwa anasema yuko sawa. Mimi naijua sauti yake akiwa sawa, na haikuwa hiyo, na iliniuma kweli.

Kwa hivyo nikasimama kwa chama chetu cha wamama wa omena nikawaambia, jamani, tupate mashua, Odhiambo avue, omena itufikie bila kupitia kwa mabroka, na yeye awe na chombo chake tena kama mwanaume. Wote wakakubali. Ugomvi ukaanzia kwa ni mashua gani.

Mama Nekesa, ambaye meza yake iko karibu na yangu (Mluhya mwembamba, mtu wa kusema maneno machache halafu anakuangalia), alitaka ya dukani, zile za plastiki ngumu, nyeupe, na mstari wa bluu. Alikuwa na picha yake kwa simu.

"Hii iko tayari," akasema. "Tunalipa, inapakiwa, kesho iko kwa maji. Hakuna stori."

Sasa mimi, nguo ya dukani sijavaa tangu nizae mtoto wa pili, zote hunibana kwapani halafu zinaninging'inia kwingine, kwa sababu nguo ya dukani imeshonewa mtu yeyote, na mimi si mtu yeyote. Nikawaambia hivyo hivyo. Nikawaambia na ndugu yangu pia si mtu yeyote, yeye atatengenezewa ya kupimwa, na fundi, mbele ya macho yetu.

"Atapimwa aje na yuko ziwani?" Mama Nekesa akauliza.

"Nitapimwa mimi. Si tumetoka tumbo moja?"

Wamama wakacheka, na mimi watu wakicheka huwa nahesabu nimeshinda. Tukaelewana hivi: mashua itengenezwe, lakini kabla iende ziwani iletwe Laini waione, na wasipoipenda, fundi atamuuzia mtu mwingine na sisi tutachukua ya dukani. Mama Nekesa akasema sawa. Nilijua hawezi kukosa kuipenda.

Fundi tulimpata Kawangware, karibu na pale Riruta inapoanzia, anaitwa Barasa, kazi yake ni sofa na vitanda, lakini baba yake alikuwa fundi wa mashua kule Budalang'i na yeye amekua akimshikia misumari. Na sitamsingizia, ile mashua aliitengeneza vizuri, mbao zimeshikana huwezi kupitisha hata kucha. Angeachwa afanye anavyojua, leo singekuwa na la kuwasimulia. Lakini mimi nilitaka kiti.

"Mama Vero, mashua huwekwa tu mbao ya kukalia," akaniambia.

"Hiyo ni ya watu wengine. Huyu ndugu yangu mgongo umeisha kwa kuinama. Mwekee kiti cha kuegemea, na mahali pa kuweka mikono."

Barasa akafikiria, halafu nikaona ametabasamu, maana fundi wa sofa ukimtajia kiti umemgusa mahali. Akachukua futi akanipima hapo hapo, nikiwa kwa ile dera yangu nyepesi ya jua la Januari, na nikashikilia pumzi kidogo (mwanamke akipimwa makalio mbele ya watu wa Kawangware lazima ashikilie pumzi, hata wewe ungeshikilia). Odhiambo naye kila akipiga simu anauliza, "Dada, hiyo mashua inakaa aje?" na mimi kila mara namwambia, "Wewe ngoja tu, utaona." Nilikuwa nimefurahi sana, wacha niseme ukweli. Usiku nilikuwa nalala nikimwona ameegemea.

Siku ikafika, na ikaangukia ile baridi ya Julai. Kwetu ziwani mashua mpya huwa haiingii nyumbani kimya kimya, hupokelewa na nyimbo na matawi kama bibi arusi, kwa hivyo niliwaambia wamama wavae vizuri, na mimi nikatoa gomesi yangu ya kijani, ile ya mabega ya kusimama na mshipi mpana, na kwa sababu ya baridi ndani yake nikavaa sweta mbili, shumizi, na suruali ya michezo ya binti yangu Vero. Kanta, ile lori ndogo, ikaleta mashua mpaka pale barabarani, na kwa vile kanta haiwezi kuingia ndani, tukaiweka juu ya mikokoteni miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, tukaanza kushuka tukiimba. Watu wakatoka kwa vibanda. Jamani, Laini Saba wameona vitu vingi lakini mashua walikuwa hawajaona.

Na kile kiti! Barasa alikuwa amekivalisha ngozi nyekundu na kukijaza sponji, huku, huku na mgongoni, sofa kamili. "Nimekuongezea kama zawadi," akaninong'oneza, na mimi karibu nilie. Mama Nekesa akaizunguka mashua pole pole, akagonga mbao na ngumi, akainama akaangalia chini.

"Mbao ni poa," akasema. "Lakini kwa hiki kiti mtu anatoka aje?"

"Anatoka vile aliingia!" nikamjibu, na ili nimwonyeshe nikakanyaga gurudumu, nikapanda, nikakaa.

Ningemjibu kwa mdomo tu. Mdomo ninao. Lakini nilikaa, na nikihisi kumebana kidogo nikajisukuma chini mpaka nikafika, sponji ikanikumbatia pande zote, na nikasikia raha ambayo sijawahi kusikia kwa kiti chochote. Wamama wakapiga vigelegele. Na mimi kichwa kikavimba, nikawaambia watu wa mikokoteni, "Twendeni hivi hivi mpaka kwa meza yangu!" na meza yangu iko ng'ambo ya reli.

Mkokoteni wa mbele ukavuka. Ule wa nyuma gurudumu likateremka kati ya reli na mawe, likakwama hapo. Wakavuta, wakasukuma, wakavuta tena.

"Mathe, shuka kiasi tupunguze uzito," mmoja wao akaniomba, kwa heshima kabisa.

Nikashika mikono ya kiti, nikajiinua. Gomesi ikapanda, mimi nikabaki. Nikajaribu upande upande, kiti kikalia, na mimi nikabaki. Barasa akapanda juu akanishika chini ya kwapa akanivuta kama mtu anayeng'oa muhogo, na kilichotoka ni mshipi, halafu gomesi ikapasuka ubavuni mpaka chini kwa mlio ambao hata waliokuwa mbali waliusikia, na shumizi yangu yenye kiraka ikatoka nje kusalimia watu.

"Aki mathe amekwama!" mtu akaita, na simu zikainuliwa, nyingi.

Halafu treni ikapiga honi.

Kwa sisi wa Laini honi ya treni si kitu cha kutisha. Wauzaji wote wanaotandika bidhaa karibu na reli wakafanya kama kila siku, mmoja akakunja mtumba wake, mwingine akainua nyanya zake na karai, wakasogea hatua moja nyuma wakingoja ipite ndio watandike tena. Bidhaa ambayo haikuinuliwa ilikuwa mimi peke yangu. Hapo ndipo nilipiga ile nduru mtakayoisikia.

Nikaona mtu anapanda ndani ya mashua, ni Mama Nekesa.

"Wewe toka, utagongwa!" nikamwambia.

"Nyamaza, shika hapa." Alikuwa ameshafungua leso yake, akanifunga nayo pale nilipokuwa wazi, akaikaza vizuri, hata haraka hakuwa nayo. Halafu huyo mama wa maneno machache akasimama akafoka mpaka nikashtuka: "Nyinyi wote mnachukua video! Wekeni simu kwa mfuko mje mbebe!"

Na wakaja. Watu wa mikokoteni, Barasa, wanaume wa karakana zile za vyuma, hata yule wa kusema nimekwama, wakashika mashua huku na huku wakaiinua na mimi ndani, wakaiweka mabegani, na mama mmoja (sijajua ni nani mpaka leo) akaurudia ule wimbo wa kupokea mashua, wengine wakaitikia. Nilivuka reli juu ya vichwa vya watu nikilia, Mama Nekesa amesimama kando yangu amenishika bega. Mikokoteni ikatolewa bila shida, maana uzito ulikuwa umeshaondoka. Treni ikaja inatambaa, dereva akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Mama, safari njema!" na behewa baada ya behewa nikaangaliwa na Nairobi nzima ikienda nyumbani.

Wakaniteremsha kando ya meza yangu. Barasa akaja na msumeno, hawezi hata kuniangalia.

"Nikate?"

"Kata."

Akakata mkono mmoja wa kiti, sponji ikamwagika, nikatoka nikimshika Mama Nekesa. Kile kiti kikabaki kimeinama upande mmoja, kibaya, na wamama wote wakamwangalia Mama Nekesa, kwa sababu ile siku tulielewana wakikataa basi imekataliwa, na nani angewalaumu? Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwona Odhiambo akirudi kumwaga maji ya mashua ya mtu.

Simu yangu ikalia. Ni yeye. Video ilikuwa imefika ziwani kabla ya mashua. Mama Nekesa akaichukua akaiweka kwa spika.

"Dada, umeumia?"

"Sijaumia. Lakini kiti chako kimeharibika."

"Kiti gani?"

Nikamweleza. Mahali pa kuegemea, mahali pa kuweka mikono, sponji, ngozi.

"Dada, tukivuta wavu tunasimama. Tunatembea mbele na nyuma bila kuangalia chini, mguu unajua pa kukanyaga. Hicho kiti kingenitupa kwa maji siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia ningoje."

Nilikaa chini hapo kwa mawe, na leso ya mtu, mbele ya watu wote, na sikujali tena wanaona nini. Anayesimama kutoka asubuhi mpaka jioni nyuma ya meza ni mimi. Mwenye mgongo unaouma ni mimi. Nilikuwa nimechukua uchovu wangu nikampimia mtu mwingine, na nilikuwa karibu kumzamisha nao, ndugu yangu ninayempenda hivi.

"Muulize anataka gani," Mama Nekesa akaniambia. "Hii, ama ile ya duka."

"Si wewe ndiye ulitaka ya duka?"

"Mimi si mvuvi. Muulize."

Nikamuuliza. Odhiambo akasema anataka hii, kwa sababu mashua ya mbao ikipasuka anaweza kuiziba mwenyewe palepale ufuoni, na ya plastiki hajui. Mama Nekesa akawaangalia wamama wengine, akasema, "Basi iende," na hakuna aliyepinga. Nimeapa tangu siku hiyo: nikitaka kumtendea mtu wema nitamfungulia masikio kabla sijamtafutia fundi, na nikivaa gomesi nakalia benchi.

Lakini hapo kwa mawe bado sikuwa nimeapa chochote. Nilivuta pumzi nikamwambia, "Odhis, ungependa iwe aje?" na yeye akaanza kusema, mbao ya kukalia iwekwe wapi, taa za kuvulia usiku zining'inie wapi, wavu ulale upande gani, akasema na kusema, sauti yake ikapanda mpaka ikawa ile ninayoijua. Barasa alikuwa akipiga alama na penseli. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie vile mimi naona, na mara mbili nikaufunga.