Léocadie na Safari Iliyofutwa

Léocadie alihamia chumba cha uani kwangu, hapa Rosettenville, Johannesburg, mwaka mmoja baada ya karakana ya mumewe kuchomwa moto kule Doornfontein. Mumewe, Firmin, alikuwa seremala. Waliomvamia siku ile walikuwa wakiimba kwamba wageni warudi kwao, na walipomalizana naye nyonga yake haikupona tena. Yeye na Léocadie walitokea Uvira, Kongo, pamoja na mtoto wao mkubwa, Glody. Wa pili, Suzan, amezaliwa hapa hapa, na Kizulu kinamtoka vizuri kuliko lugha ya mama yake.

Mimi kwetu Tanga. Nililetwa na marehemu mume wangu, mwana wa nchi hii aliyekaa uhamishoni Morogoro miaka mingi wakati wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Léocadie aliniita yaya, nami mwanzoni nilinuna, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto wa watu. Baadaye nikaambiwa kwamba kwao yaya ni dada mkubwa. Nikalikubali.

Alikuwa fundi cherehani. Nusu ya kwaya za Wakongo wa mtaa huu zilivaa kazi ya mkono wake. Hakuwa msemaji sana, lakini kila jambo lake lilikwenda kwa mpango, na mpango mkubwa ulikuwa Marekani. Mwaka 2016 waliomba kupelekwa huko kama wakimbizi. Kuanzia hapo maisha yao yakawa ni kuitwa na kungoja: mahojiano, alama za vidole, vipimo vya kifua, tena mahojiano. Mara nne maofisa walimuuliza Léocadie jina la kijiji alikozaliwa bibi yake. Firmin alisema, “Hata bibi mwenyewe hakuwahi kuulizwa hivyo.”

Miaka ilipokuwa inakwenda, Glody akavuka ishirini na moja, na faili lake likatengwa na la wazazi wake. Lake likatangulia. Novemba 2024 akapanda ndege peke yake mpaka jimbo la Iowa. Mama yake hakulia uwanjani. Alimwambia tu, “Tafuta nyumba yenye chumba cha chini. Baba yako hawezi ngazi.”

Krismasi ilipokaribia, tarehe yao nayo ikatoka: ishirini na nane Januari. Léocadie akauza cherehani yake. Akagawa masufuria, mimi nikapata lile kubwa. Shule zilipofunguliwa Januari, Suzan hakuandikishwa, kwa nini aanze mwaka asioumaliza? Mtoto wa jirani akapewa nafasi yake.

Simu ya ofisi ya wakimbizi ilipigwa Jumatano, wiki moja kabla ya safari. Nilikuwa nimekaa naye jikoni, naye alikuwa anapinda upindo wa koti la Suzan. Aliweka spika ili mikono iendelee na kazi. Mkalimani wao alikuwa mwanamke, kwa lafudhi yake Mkenya.

“Mama, nasikitika. Safari yenu imefutwa. Rais mpya amesimamisha mpango wote wa wakimbizi.”

“Imesogezwa mpaka lini?”

“Sikusema imesogezwa, mama. Imefutwa.”

Léocadie akashukuru, akakata simu, akaendelea kushona mpaka uzi ukaisha. Kisha akatoka uani alikokuwa Firmin.

“Banasema safari hakuna,” akamwambia.

Firmin akauliza kama ni wao peke yao. Akajibiwa kwamba ni watu wote, dunia nzima.

Siku hiyo nilimkumbuka mume wangu. Wamarekani walikiandika chama chake cha ukombozi katika orodha ya magaidi, na hata baada ya uhuru kupatikana hapa miaka mingi ilipita kabla hawajakifuta. Mtu hukaa mezani kwake mbali huko, akatia saini, kisha akaenda kula chakula chake cha mchana. Hajui Rosettenville iko wapi. Na huku mwanamke hana cherehani, na mwanawe hana shule.

Mwezi Mei tulikuwa sebuleni kwangu wakati televisheni ilipoonyesha familia za Makaburu, watu hamsini na kitu, wakiondoka katika uwanja wa ndege wa hapa hapa Johannesburg kwa ndege ya kukodi. Mtangazaji alisema wanakwenda Marekani kama wakimbizi. Kisha wakaonyeshwa wamefika, watoto wameshika bendera ndogo.

“Hao walingoja muda gani?” Léocadie akauliza.

Suzan akatafuta kwenye simu. “Miezi mitatu hivi, Ma.”

Firmin alikuwa ameegemea fimbo yake. “Waulize foleni yao ilikuwa mlango gani,” akasema. “Sisi tulikosea mlango.”

Léocadie alimtazama mwanamke mmoja aliyebeba mtoto amelala begani. “Yule mtoto amechoka,” akasema, akaenda kuangalia mboga jikoni.

Julai, katikati ya baridi, Firmin alipatwa na kiharusi. Alikaa hospitalini siku sita, akafa. Glody akapiga simu akisema anakuja. Mwanasheria wa kanisa lake alikuwa amemwonya kwamba hana kibali cha kudumu bado, akitoka asitarajie kurudi.

“Nitakuja, maman. Siwezi kumwacha baba azikwe na majirani.”

“Majirani ndio tuliobaki nao,” mama yake akasema. “Ukitoka huko, mlango umefungwa kwa sisi wote. Kaa.”

Alikaa. Kaburini Suzan aliinua simu juu ili kaka yake aone. Mtandao ukakatika kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Akapiga tena, na tena. Glody alipopatikana, wanaume walikuwa wameshalisawazisha kaburi kwa makoleo, akabaki kutazama udongo. Akaomba amwone mama yake. Léocadie aliishika simu kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.

Oktoba habari ikaja kwamba mwaka huu Marekani itapokea wakimbizi wachache kuliko wakati wowote, na nafasi nyingi ni za Makaburu. Vipimo vya afya vya Léocadie vilikuwa vimeshakwisha muda. Hakuna aliyempigia kumwambia avirudie.

Sasa anashona sare za viwandani kule Midrand, kwa cherehani ya tajiri. Suzan amerudi shule, yuko darasa moja na walio wadogo kwake. Glody hupiga kila Jumapili akitoka zamu kwenye kiwanda cha nyama. Juzi aligeuza simu dirishani amwonyeshe mama yake theluji. Léocadie aliitazama kidogo, akamuuliza kama ana soksi.