Picha Ambayo Evald Tunmark Hakuipiga

Mfalme wetu wa zamani alikataa kufa kwa miaka tisini na moja, na aliyeumizwa zaidi na ukaidi huo hakuwa mwanawe, mrithi wa kiti. Alikuwa Evald Tunmark, mpiga picha wa mtaani kwetu. Evald alikuwa ameshaahidiwa kwa maandishi kwamba picha rasmi ya mfalme ajaye ataipiga yeye. Basi miaka ishirini na sita akaendelea na picha za pasipoti na za watoto wa kipaimara, na kila Jumapili kanisani akamwombea mfalme afya njema, kwa sauti ya chini sana.

Hatimaye mzee akaondoka. Mwanawe akavikwa taji akiwa na miaka sitini na sita na magoti mabovu.

Huku kwetu mfalme mpya huinamiwa mara tatu, polepole, na ni marufuku kuinua macho kabla ya ile ya tatu. Ikulu ilimpa Evald dakika sita. Mbili zikaishia kwenye kuinama.

Alipoinua macho, mfalme alikuwa amevua taji, amelipakata kama paka mgonjwa. Alikuwa akiitazama picha ya baba yake ukutani, pua nyekundu.

"Huyu mzee aliwezaje kuvaa dude hili?" akauliza. "Shingo inaniua. Na leo ndiyo nilitaka anione."

Chozi likatambaa mpaka kwenye sharubu. Mwanga wa dirishani ulimwangukia upande mmoja wa uso, namna ambayo Evald asingeipata kwa taa zake zote. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mkuu wa itifaki alikuwa anahangaika kutafuta miwani yake. Hakuna aliyemkataza.

"Mtukufu," Evald akasema, "taji, tafadhali."

Mfalme akalivaa. Uso ukafungwa kama duka. Ndiyo hiyo picha iliyotundikwa posta, mahakamani, na kwa daktari wa meno, ambako haijamtuliza mtu hata mmoja.

Akiondoka, mfalme akamnong'oneza: "Bwana Tunmark, nilikuwa nasubiri upige ile."

"Samahani, Mtukufu," Evald akajibu, akainama. Mara tatu.

Mkewe, Sigbritt, aliposimuliwa aliacha kukanda unga.

"Wewe mwanamume! Ungeipiga, angekufanya nini? Angekukata kichwa?"

"Angenishukuru."

"Sasa ulimwogopa nani?"

"Watu. Wangesema Tunmark hajui kazi."

"Haya, wamesema unajua. Umeshiba?"

Mwaka mzima hakulala vizuri. Mwishowe akaandika barua ikulu kuomba dakika moja tu, bila taji. Jibu likaja kwa mwandiko wa mfalme mwenyewe, mistari miwili:

"Bwana Tunmark, nimejaribu mbele ya kioo, asubuhi tatu mfululizo. Uso ule hauji tena."