Viti Vilivyokataliwa Kileleshwa

Mwaliko haukuwa wangu. Ulikuwa wa binti wa mama niliyemfanyia kazi za nyumba Kileleshwa: vijana wa mtaa waje Jumamosi asubuhi, wabuni bustani yao wenyewe kwenye kiwanja kitupu nyuma ya magorofa. Binti alikuwa bado amelala. Mama akanitazama nikipiga pasi, akakumbuka kwamba nami nina miaka ishirini.

“Si hata wewe ni kijana? Enda ukae tu, uandike jina yake.”

Nilienda mbio, maana nilikuwa na haja yangu. Kila Jumapili nilipewa nafasi kutoka kanisa linapoisha mpaka saa kumi na moja, na dada yangu, aliyefanya kazi kama yangu kule Parklands, alikuja kuniona. Mgeni wa mfanyakazi hakuruhusiwa kupita geti. Basi tuliongea tumesimama kando ya ukuta wa watu, na kila askari alipouliza tunamngoja nani, tulihamia ukuta mwingine.

Aliyetuongoza siku hiyo alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kofia kinyumenyume ili tusimwogope. “Niaje vijana! Mko fiti?” Tukasali, tukaandika majina, tukanywa chai na sambusa, tukapigwa picha. Kazi ya kubuni ilipoanza ilikuwa karibu saa sita, na ukutani bustani ilikuwa tayari imechorwa kwa rangi, watu wakikimbia humo na mbwa wao.

Tulipewa vikaratasi vya manjano tuandike ndoto zetu. Niliandika: viti chini ya kivuli, mtu akae mpaka jioni bila kuulizwa. Kiongozi wetu akakisoma kikaratasi changu kwa sauti, akanisifu sana, kisha akaandika kwenye karatasi yake kubwa: intaneti ya bure.

“Mimi sijasema intaneti,” nikamwambia.

“Lakini ukikaa hapo si utaitaka?”

Wiki kadhaa baadaye mama alirudi kutoka mkutano wa wakazi akiwa amefura. Nilikuwa nikipakua chakula alipomgeukia binti yake.

“Kumbe ni wewe uliomba viti? Jina yako iko kwa ripoti, na karatasi yako ya manjano imebandikwa hapo! Unajua nani angejaa hapo kila Sunday? Mahausigeli! Tumekataa.”

Alikuwa amesahau kabisa kwamba alinituma mimi. Binti akainua macho, akanitazama nilivyoshika bakuli la mchuzi, akasema, “Sorry, Mum.” Nilitamani kummwagia yule mama mchuzi huo mapajani. Nikampakulia, nikamwongezea na nyama.

Bustani ilifunguliwa. Ilikuwa na njia ya kukimbilia, vyuma vya mazoezi na intaneti. Jumapili iliyofuata niliingia na dada yangu, maana hapo hapakuwa na geti, tukaketi kwenye nyasi. Hata hatujasalimiana vizuri, askari akaja.

“Madam, hapa hakuna kukaa. Ni ya kutembea.”

Tukatembea. Dada alikuwa na viatu vya kanisani. Mzunguko wa tatu akavivua, akaendelea miguu mitupu. Ndipo akaniambia kwamba ameacha kazi, anarudi kwetu Kitui kesho, na hadhani atakuja Nairobi tena. Nilitaka tukae, hata dakika tano tu, nimshike mkono. Askari alikuwa bado anatuangalia, kwa hiyo nililia nikitembea.